Merikebu Ndogo za Mti: Habari Zake, na Namna ya Kuchagua Ile ya Kujenga



Katika nchi nyingi za Ulaya, na Marekani pia, wako watu wanaojenga merikebu juu ya meza za nyumbani mwao. Si merikebu za kupanda watu. Ni mifano ya merikebu, midogo, ya mti. Mtu hununua sanduku dukani. Ndani yake hukuta mkuku na mataruma yaliyokatwa tayari, fito nyembamba za mbao, nyuzi za kufanyia kamba, kitambaa cha matanga, mizinga midogo ya shaba, na karatasi kubwa yenye picha na vipimo. Halafu hukaa na kazi yake jioni kwa jioni, miezi sita, mwaka mzima, pengine miaka mitatu. Siku merikebu inapokwisha, fundi hufurahi sana. Lakini furaha hiyo haikai muda mrefu kabla ya swali kumjia: Sasa nijenge ipi?

Wengine watacheka na kusema: Hilo ni swali la wenye nafasi, achague yoyote anayoipenda macho. Mimi nasema sivyo. Kitu ambacho mtu hukikalia mwaka mzima kwa mikono yake, humwingia rohoni. Tena kitu hicho kikiisha huwekwa mahali pa kuonekana, na watoto huja kuuliza: Baba, hii ni merikebu gani? Ilifanya kazi gani? Basi kuchagua merikebu ya kujenga ni kuchagua habari utakayoisimulia. Tutazame historia, tuone watu wa zamani walichagua kwa sababu gani.

1. Merikebu za makaburini na za makanisani

Desturi hii ni ya kale kuliko vitabu vingi. Mwaka 1920 wataalamu wa jumba la makumbusho la Metropolitan la New York walikuwa wakichimba karibu na mji wa Thebes, katika Misri. Katika kaburi la mkubwa mmoja wa serikali, jina lake Meketre, walikuta chumba kidogo kilichofichwa. Humo mlikuwa na mifano ya mti: ghala la nafaka, zizi la ng'ombe, watu wa kuoka mikate, na mashua nyingi zenye wapiga makasia ndani yake. Mifano hiyo ilikuwa imekaa gizani miaka karibu 4,000. Wamisri wale walichagua mashua kwa sababu walidhani marehemu atahitaji kusafiri katika maisha ya nyuma ya kifo. Hawakuwa na nuru ya Injili. Lakini tayari walijua kwamba mashua ndogo inaweza kusema jambo kubwa.

Wakristu nao walichukua merikebu ndogo, wakaipa maana nyingine. Katika nchi za pwani ya Ulaya, mabaharia walioponea chupuchupu katika tufani walikuwa wameweka nadhiri: Mungu akituokoa, tutampa zawadi kanisani. Zawadi yenyewe mara nyingi ilikuwa ni mfano wa merikebu yao, uliotengenezwa kwa mti, ukatundikwa kwa kamba chini ya paa la kanisa. Jambo hilo lilifaa sana, maana hata mahali pale wanapokaa waamini kanisani panaitwa kwa Kilatini navis, maana yake merikebu. Kanisa lenyewe ni chombo, Kristu ndiye nahodha. Na hata akionekana amelala, upepo na mawimbi humtii, kama tunavyosoma katika Injili ya Marko Mtakatifu, sura ya 4.

Mmoja wa mifano hiyo ya nadhiri ni wa sifa kuu. Ulitoka katika kikanisa cha Mtakatifu Simoni karibu na Mataró, mji wa pwani ulio jirani na Barcelona katika Hispania. Ulitengenezwa katika karne ya 15, kabla ya Kolumbus kuvuka bahari. Leo umewekwa katika jumba la makumbusho la bahari la Rotterdam, katika Uholanzi. Aliyeutengeneza hakuchonga gogo tu na kulipaka rangi. Aliweka mkuku, akasimamisha mataruma, akapigilia mbao moja moja, sawasawa na mafundi wa merikebu kubwa. Kwa sababu hiyo wataalamu wa leo, wakitaka kujua merikebu za mizigo za wakati ule zilijengwa namna gani, huenda Rotterdam kuutazama. Mtu yule alitaka kumshukuru Mungu tu. Kumbe, kwa kuwa alifanya kazi yake kwa ukweli, amewafundisha watu wa karne nyingi baadaye.

Hata leo, mtu akipanda kilima cha Marseille, katika Ufaransa, na kuingia kanisa la Notre-Dame de la Garde, akiinua macho ataona merikebu ndogo zikining'inia juu. Kikanisa cha kwanza kilijengwa pale mwaka 1214. Kanisa kubwa la sasa lilitabarukiwa mwaka 1864. Mahali hapo panatuhusu sisi pia. Bandari iliyo chini ya kilima hicho ndiyo waliyotoka wamisionari wa kwanza wa Kardinali Lavigerie, Mapadri Weupe, katika mwezi wa Aprili 1878, wakielekea Unguja na maziwa yetu makubwa. Mwezi wa Januari 1879 walifika Ujiji, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

2. Merikebu za wafalme na za wafungwa

Katika karne ya 17 mfano wa merikebu ulipata kazi nyingine. Wafalme wa Ulaya walikuwa wakishindana kwa merikebu za vita. Katika Uingereza mafundi walitengeneza mifano mizuri kabisa, wakaacha sehemu ya chini bila kuifunika kwa mbao, ili mataruma yaonekane. Vipimo vyake vilikuwa vya hakika: mara nyingi sehemu moja ya mfano ni sehemu 48 za merikebu yenyewe. Katika Ufaransa, mtaalamu Duhamel du Monceau alimpa mfalme Louis wa 15 mkusanyo wa mifano ya merikebu na ya vyombo vya bandari mwaka 1748. Mkusanyo huo ulikuwa chanzo cha jumba la makumbusho la bahari la Paris. Hapo mfano haukuwa sala tena. Ulikuwa kitabu cha kufundishia, tena majivuno ya mfalme.

Lakini wakati huohuo wanyonge nao walijenga. Katika vita vya Napoleon, Wafaransa wengi walifungwa katika Uingereza, kwa mfano katika kambi kubwa ya Norman Cross, iliyofunguliwa mwaka 1797 na kufungwa mwaka 1814. Wafungwa hao hawakuwa na kitu. Walichukua mifupa ya nyama waliyopewa kula, wakaichemsha, wakaikwaruza, wakaikata kuwa vibao vyembamba, wakajenga merikebu zenye milingoti na kamba zote. Kamba nyingine walizisokota kwa nywele. Walizipeleka katika soko la mlangoni pa kambi, wakapata fedha ya kununua chakula na nguo. Leo kazi zao zimo katika majumba makubwa ya makumbusho, karibu na zile za wafalme, na watu huzistaajabia vilevile. Yafaa vijana wetu wakumbuke jambo hili: ukosefu wa vyombo vizuri haumzuii fundi mwenye saburi.

3. Merikebu ya mti iliyowatia watu hofu

Sasa tunafika penye jambo zito la habari hii.

Mwishoni mwa karne ya 18 wako watu katika Uingereza waliokusudia kuiondoa biashara ya watumwa. Walihubiri, waliandika, lakini wengi hawakusikia. Utumwa ulikuwa mbali, baharini, na sukari ilikuwa tamu mezani. Ndipo walipochukua vipimo vya merikebu moja ya kweli ya mji wa Liverpool, jina lake Brookes, iliyokuwa ikichukua watumwa kutoka Afrika kwenda Jamaika. Mwaka 1788 na 1789 walichapisha picha yake kama inavyoonekana kutoka juu, pamoja na watu waliopangwa ndani. Picha iliyotoka London mwaka 1789 ilionyesha watu 482. Mwanamume mmoja alipewa nafasi ya urefu wa sentimeta 183 na upana wa sentimeta 41. Sheria ya mwaka 1788 ilikuwa imeamuru merikebu hiyo isichukue zaidi ya watu 454. Kabla ya sheria, ilipata kuchukua 609.

Thomas Clarkson, aliyekuwa mbele katika kazi hiyo, alikwenda Paris mwaka 1789. Aliwaonyesha wakubwa wa Ufaransa ile picha. Yeye mwenyewe ameandika kwamba Askofu Mkuu wa Aix alipoitazama alishikwa na hofu, hata akawa karibu kushindwa kusema. Naye Mirabeau, msemaji mashuhuri wa baraza la taifa, hakuridhika na karatasi. Alimwita fundi, akaamuru afanyiwe mfano wa Brookes kwa mti, na ndani yake vikawekwa vitu vidogo vya mti mfano wa wanaume na wanawake, vilivyopakwa rangi nyeusi, kila kimoja mahali pake. Merikebu hiyo ndogo aliiweka katika chumba chake cha kulia. Katika Uingereza William Wilberforce naye alikuwa na mfano wa Brookes wa kuwaonyesha wabunge. Unahifadhiwa mpaka leo katika nyumba aliyozaliwa, katika mji wa Hull.

Kwa nini kipande cha mti kiliweza kufanya kazi ambayo maneno hayakuiweza? Fikirini. Mtu akiambiwa: Watu 482, husikia hesabu tu. Lakini akiinama juu ya merikebu ya mti, akaona kwa macho yake nafasi ya mtu mmoja, hawezi tena kusema hakujua. Tufanye hesabu ndogo. Kama fundi angejenga Brookes kwa kipimo cha 1 kwa 48, nafasi ya mwanamume mmoja ingekuwa na urefu wa karibu sentimeta 4, na upana usiofika sentimeta 1. Hata kidole chako kidogo kingesongwa humo. Sasa weka hapo si kidole bali mwana wa mama yako, majuma mengi, katika joto na harufu na giza.

Uingereza iliikataza biashara hiyo mwaka 1807. Mwaka 1839 Baba Mtakatifu Gregori wa 16 aliandika barua ya kuwakataza Wakristu wote wasishiriki katika kuuza watu. Na mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, ingawa alikuwa mzee, alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri juu ya watumwa wa nchi zetu za maziwa. Sisemi kwamba merikebu ndogo ya mti ndiyo iliyofanya yote hayo. Maelfu ya watu walifanya kazi, na watumwa wenyewe walipigania uhuru wao. Lakini ilikuwa shahidi mmoja, na shahidi huyo hakudanganya.

4. Merikebu nzuri yenye habari mbili

Tukijua hayo, tutafungua kitabu cha duka kwa macho mengine. Katika masanduku yanayouzwa sana zimo merikebu za Wareno na Wahispania wa karne ya 15. Karavela ni chombo chepesi, kizuri; milingoti miwili au mitatu, matanga ya pembe tatu yanayofanana kidogo na tanga la jahazi. Fundi anayemaliza kazi yake ya kwanza huipenda mara, maana haina mizinga mingi wala sitaha nyingi.

Kwa vyombo vya namna hiyo Mreno Diogo Cão alifika kwenye mdomo wa mto Kongo mwaka 1482, akasimamisha nguzo ya jiwe yenye msalaba. Kwa merikebu za Wareno walikuja pia mapadri, na mwaka 1491 mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuvu, alibatizwa kwa jina la Yohane. Mwanawe Afonso alikuwa Mkristu wa nguvu, akajenga makanisa na kufundisha watu wake. Lakini mwaka 1526 mfalme huyo Afonso alimwandikia ndugu yake mfalme wa Ureno kwa uchungu mwingi, akilalamika kwamba wafanyabiashara wanawakamata watu wa nchi yake kila siku, hata wana wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe, na kwamba nchi inakwisha watu. Waliletwa na nini wafanyabiashara hao? Na merikebu zilezile.

Basi tufanyeje? Tuikatae karavela? Sisemi hivyo. Mti hauna dhambi. Mwenye dhambi ni mtu. Lakini asiyeijenga vizuri ni yule anayepaka msalaba mwekundu juu ya tanga, kisha anawaambia watoto habari ya msalaba tu, akinyamaza juu ya minyororo. Na yule anayesema minyororo tu, akinyamaza juu ya Ubatizo, naye amejenga nusu ya merikebu. Chombo chenye upande mmoja hakielei.

Sisi wa Ziwa Tanganyika tunajua jambo hili bila kwenda Ureno. Mwaka 1858 Mwingereza Speke alivuka kwa mtumbwi mpaka kisiwa cha Kasenge, karibu na pwani yetu ya magharibi, akitaka kukodi jahazi la mfanyabiashara Mwarabu; hakulipata. Maana yake, majahazi yalikuwamo ziwani wakati ule. Yalichukua chumvi, nguo na pembe za ndovu. Yalichukua pia watumwa kutoka pwani yetu kwenda Ujiji. Tanga lilikuwa jeupe na zuri vilevile.

5. Basi tuchague kwa namna gani?

Nitatoa maulizo manne. Fundi ajiulize kabla ya kufungua mfuko wake.

La kwanza: Je, mkono wangu unaiweza? Aliyejenga mashua moja ya uvuvi asikimbilie merikebu ya vita. Mfano ni Victory ya Waingereza, iliyotiwa majini mwaka 1765, ambamo Amiri Nelson alikufa mwaka 1805, na inayohifadhiwa mpaka leo huko Portsmouth. Sitaha yake kubwa ya mizinga ina urefu wa karibu meta 57. Kwa kipimo cha 1 kwa 72 itakuwa karibu sentimeta 79, bila kuhesabu mlingoti wa mbele. Katika vita ile alimofia Nelson ilikuwa na mizinga 104. Kila mzinga wahitaji gari lake dogo na kamba zake. Mafungu 104 ya kazi ileile! Wengi wameanza Victory kwa furaha, wakaiacha kabatini ingali mifupa. Bwana wetu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza huketi na kuhesabu gharama. Kwa merikebu ni hivyohivyo. Panda ngazi moja tu kwa mara moja. Kama ya kwanza ilikuwa na mlingoti mmoja, ya pili iwe na miwili. Kama ya kwanza ilifunikwa na tabaka moja la mbao, jaribu tabaka mbili: la kwanza kwa mti laini, lisilohitaji uzuri, la pili kwa mti mzuri, mwembamba, unaoficha makosa ya lile la kwanza. Jifunze kuloweka ubao majini na kuukunja polepole kwa joto, usivunjike. Kazi hiyo moja tu yaweza kukufundisha saburi kuliko mahubiri kumi.

La pili: Je, mfano huu ni wa kweli? Masanduku mengine yameandikwa majina makubwa, lakini ndani mna mawazo ya mwuzaji. Chukua Santa María ya Kolumbus. Ilikwama penye mchanga usiku wa Noeli mwaka 1492, mbao zake zikatumika kujenga ngome. Hakuna mchoro wake uliobaki. Kwa hiyo kila Santa María utakayoona ni makisio ya wataalamu. Wengine wamekisia kwa akili, wengine kwa kubuni. Si vibaya kuijenga, ila useme kweli: Hivi ndivyo tunavyodhani ilivyokuwa. Kinyume chake ni Vasa ya Waswidi. Ilizama Stockholm tarehe 10 Agosti 1628, siku ya safari yake ya kwanza, ikiwa imekwenda meta 1,300 hivi tu. Iliinuliwa tarehe 24 Aprili 1961, na sasa imesimama nzima ndani ya jumba lake. Anayejenga Vasa anaweza kupima kila ubao.

La tatu: Je, uzuri wake unanidanganya? Habari ya Vasa inajibu. Ilikuwa na mizinga 64 na sanamu za kuchongwa mamia, kwa sifa ya mfalme Gustav Adolf. Lakini juu palikuwa pazito, na chini palikuwa pembamba. Kabla ya safari nahodha aliwaamuru watu 30 wakimbie sitahani kutoka upande huu mpaka huu. Merikebu ikayumba hata amiri akasimamisha jaribio. Wote waliona, hakuna aliyemzuia mfalme. Upepo mdogo tu, ikalala, ikazama pamoja na watu. Na mafundi wa masanduku hujua udhaifu wetu: hupamba picha ya nje kwa dhahabu. Usichague kwa picha ya nje. Tazama karatasi ya vipimo, tazama mti uliomo, uliza wale waliojenga kabla yako.

La nne, nalo ndilo kubwa: Je, nitaweza kusimulia habari zake zote mbele ya watoto, bila kuficha? Ukiona kwamba kuna jambo juu ya merikebu hii usilopenda kulisema, chagua mojawapo ya mambo mawili: ama uache, ama ujifunze kulisema. Baharia wa Mataró hakuwa na la kuficha. Alisema: Nilikaribia kufa, Mungu aliniokoa. Fundi wa Mirabeau hakuficha. Alisema: Tazameni mnayoyafanya. Wa kwanza alijenga shukrani, wa pili alijenga mashitaka. Merikebu zote mbili zilikuwa za mti, gundi na saburi.

6. Je, na asiye na sanduku?

Labda msomaji atasema: Katekista, hayo ni mambo ya Ulaya, hapa masanduku hayo hayapatikani, na bei yake ni kubwa. Kweli. Lakini wale wa Mataró na wa Norman Cross walikuwa na sanduku gani? Chombo kikubwa cha fundi ni jicho. Vijana wa kando ya ziwa wana mbele yao mtumbwi wa gogo moja, wana mashua za mbao za wavuvi wa dagaa. Mafundi wanaozijenga ni wazee, na wengi hawaandiki vipimo. Vimo kichwani na mkononi. Mzee akifa, vipimo vinazikwa pamoja naye.

Basi kijana aende pwani na kamba ya kupimia. Amwendee fundi kwa heshima, amwamkie, amwombe ruhusa. Apime urefu, upana wa katikati, kimo cha omo na cha tezi. Ahesabu mataruma. Aulize jina la kila kipande kwa lugha ya pale, aliandike. Kisha agawanye kila kipimo kwa 20: mashua ya meta 8 itakuwa sentimeta 40, itatosha juu ya meza ya shule. Atafute mti laini, kisu kikali, msasa na gundi. Akikosea, aanze tena. Mti mdogo hauna gharama. Na akimaliza, aandike chini ya mkuku jina la yule mzee na mwaka. Amini nakuambia, baada ya miaka 50 mfano huo utakuwa na thamani kuliko Victory kumi za dukani, maana Victory yenyewe ingalipo Portsmouth, lakini mashua ile ya mzee itakuwa imeoza zamani.

Na lile jahazi lililovusha watumwa, yuko atakayelijenga? Ningependa awepo. Alijenge vizuri, tanga lake liwe jeupe kama lilivyokuwa. Ndani aweke watu wadogo wa mti, nao wasiwe wengi mno hata tusiwaone, bali kila mmoja awe na uso. Likiwekwa katika shule au katika nyumba ya parokia, watoto watauliza: Hawa ni nani? Na mwalimu atajibu: Ni babu zetu, waliokuwa na jina kila mmoja, na Mungu anawajua wote.

Basi, ndugu fundi uliyemaliza merikebu yako ya kwanza na unatafuta ya pili, usifanye haraka. Weka randa chini siku chache. Uliza mkono wako, uliza vipimo, uliza habari yake ya kweli. Halafu anza, na kila ubao uupigilie kama yule mtu wa kale aliyemtengenezea Mungu zawadi, akijua kwamba macho mengine yatakuja kutazama hata chini ya mkuku, mahali ambapo hakuna rangi wala dhahabu.

Maria, Nyota ya Bahari, awasimamie wote wasafirio majini, wavuvi wa maziwa yetu, na mafundi wanaowajengea vyombo.